Misa ya Baba Niliyoikosa kwa Sababu ya Gari

Gaspare Lanzafame,
Solingen, Ujerumani.
Jumapili, 19 Novemba 2023

Mpendwa dada yangu Nunziata,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya lolote nakuuliza hali yako. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari anataka kulipasua, nawe ukasema utampasua yeye kwanza. Na shemeji Bruno je, ameacha kupanda juu ya paa kwa umri wake ule? Nasikia huko Melbourne joto ndio linaanza. Huku kwetu ni mvua ya baridi, ile isiyonyesha sawasawa wala kukoma.

Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Birgit anasumbuliwa na mgongo kwa ajili ya kuinua wazee pale kazini. Mimi vidole vya mkono wa kulia asubuhi havikunjiki mpaka nivitie kwenye maji ya moto, ndiyo zawadi ya kazi ya kubandika vigae. Melina jino lake la mbele linalegea na anamwonyesha kila mtu, hata dereva wa basi. Cirino mdogo amefika miaka miwili na anajua neno moja, hapana, analisema kwa lugha mbili.

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha darasa la tano nikaenda kumbebea baba ndoo za chokaa. Lakini ulipopiga simu baada ya misa nilikujibu maneno mawili nikakata, na nilisikia kwamba umeanza kulia. Kwenye simu siwezi. Najua pia shangazi Agrippina ameshakupigia, na najua amekusimulia ile sehemu ya kuchekesha. Mimi nakupa yote, pamoja na yale ambayo shangazi hayajui.

Mwezi uliopita uliniambia hivi: "Gaspare, mimi siwezi kusafiri na goti hili. Simama pale kanisani kwa ajili yetu wawili." Nikasema nitasimama. Baba alikufa Jumanne, wakamzika Jumatano alasiri kama ilivyo kwetu, na mimi sikupata nafasi kwenye ndege yoyote. Kwa hiyo misa ya thelathini, ya siku ya thelathini tangu kifo, ndiyo iliyokuwa imebaki. Mtu anaweza kukosa maziko, watu wataelewa. Mtoto wa kiume akikosa na misa ya thelathini, hapo hakuna cha kuelewa.

Mama naye alitaka nije na mtoto. Alisema jina la baba, Cirino, litakaposomwa altareni, awepo Cirino mwingine kanisani wa kuliitikia. Birgit hakupewa ruhusa kazini. Kwa hiyo nikaondoka peke yangu na watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na nusu, mwingine ndiye huyo wa hapana. Msimamizi wangu alinipa siku tatu, na hizo alizitoa kama mtu anayeng'olewa meno.

Sasa upumbavu wangu ulianza kabla ndege haijaruka.

Gari langu lilikufa mwezi Machi. Sikuwaambia nyumbani. Wewe uliondoka zamani, labda umesahau jinsi Agosti inavyokuwa kijijini kwetu Montalveri, sisi tuliotoka Ujerumani na Uswisi tunavyoingia uwanja wa kijiji mmoja mmoja, na wazee wamekaa mbele ya baa wanahesabu namba za magari. Miaka kumi na minane mimi niliteremka na gari, siku mbili njiani. Baba alikuwa anakaa pale baa tangu adhuhuri na koti lake la Jumapili. "Mwanangu anakuja na gari lake," anawaambia. "Halizimiki lile." Agosti hii niliposema siji, kazi nyingi, alinijibu sawa. Nikawaza, amekufa akiamini lile gari linatembea.

Sasa niende kwenye misa yake nikishuka kwenye basi, na mabegi, kama mwanafunzi? Mbele ya wale wale aliowatambia? Nikasema hapana. Nikakodi gari kwa kompyuta, kubwa, jeusi, na viti viwili vya watoto. Kadi niliyolipia ilikuwa ya Birgit. Mimi kadi ninayo ile ya kuchukulia mshahara tu.

Wiki ile binamu Turi alinipigia. Yeye bado anauza koliflawa na vitunguu, kila asubuhi anateremka Catania na pikapu yake.

"Ndege inafika saa ngapi? Nije niwachukue."

"Usijisumbue, Turi. Nina gari."

"Gari gani? La Ujerumani limepanda ndege?"

"Nimekodi. Kubwa."

"Ah. Haya, bwana mkubwa." Akakata.

Nilijua nimemuudhi. Kumkatalia ndugu asikupokee ni sawa na kumrudishia sahani ya chakula. Lakini nikajiambia nitamtuliza nikifika.

Tulitua Catania saa tano na nusu asubuhi, Alhamisi. Misa ilikuwa saa kumi na moja jioni, na Montalveri ni mwendo wa saa moja na dakika arobaini. Hata kwa punda ningefika.

Mabegi yalikuja. Kigari cha mtoto hakikuja. Nikambeba Cirino mkono mmoja, mabegi mkono wa pili, Melina ameshika mkanda wa suruali yangu. Kwenye ofisi ya magari unachukua karatasi ya namba. Yangu ilikuwa sitini na nne. Juu ya ukuta imeandikwa arobaini na moja. Viti vyote vimekaliwa. Wafanyakazi wawili, na mmoja kati yao alikuwa anakula.

Tulikaa sakafuni juu ya begi. Cirino alikula biskuti zote. Melina aliniuliza gari liko wapi, nikamwambia nyuma ya ukuta ule. Baada ya dakika tano akaniuliza kama limetoka nyuma ya ukuta. Akauliza hivyo mpaka namba hamsini na nane. Cirino akajichafua, na choo cha pale hakina mahali pa kumlaza mtoto, nikambadilisha juu ya koti langu, lile jeusi, la misa.

Saa saba kasoro robo ikafika zamu yetu. Binti wa pale alikuwa na kucha ndefu, anabonyeza kompyuta kwa ncha ya kalamu. Akaangalia leseni yangu, akaangalia kadi.

"Kadi hii si yako, bwana."

"Ni ya mke wangu. Ndiyo iliyolipa. Gari limeshalipwa, angalia."

"Naona limelipwa. Lakini dereva ni wewe. Kadi ya dhamana lazima iwe ya dereva."

"Basi chukua hii yangu."

"Hii si ya mkopo. Hii hatupokei."

"Sasa nifanyeje?"

"Mkeo aje."

"Mke wangu yuko Solingen anaogesha wazee!"

"Basi siwezi kukusaidia, bwana."

Nikafanya lile ambalo kila mtu wa kwetu angelifanya. Nikaegemea meza, nikashusha sauti, nikamuuliza, "Binti yangu, wewe ni wa nani? Kwenu ni wapi?" Maana ukipata ukoo, umepata mlango. Nilikuwa tayari kumtafutia mjomba aliyefanya kazi na baba, au shangazi aliyeolewa upande wetu.

Akaniangalia usoni. "Mimi ni wa kampuni, bwana. Namba sitini na tano!"

Dada, miaka ishirini nimekaa Ujerumani nikiwaambia Wajerumani kwamba kwetu watu si mashine. Nilitamani sakafu ile ipasuke.

Mama mmoja mzee nyuma yangu akaanza kunitetea. "Mpe mtu gari! Huoni ana watoto wadogo?" Jamaa mwingine akadakia, "Sisi watoto wetu tumewaacha benki? Asogee!" Wakaanza wao kwa wao, mimi nikasahaulika. Yule mama akanishika mkono akanivuta pembeni.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Montalveri, mama. Misa ya thelathini ya baba yangu."

"Pole sana. Sasa basi la Montalveri si lipo saa nane? Chukua la mjini hapo nje, robo saa uko stesheni."

Saa zilikuwa saba na dakika chache. Nilikuwa na muda wote. Nikamjibu mama wa watu, "Mimi sipandi basi, mama."

Aliniangalia kama unavyomwangalia mgonjwa, akaondoka zake.

Hilo ndilo shangazi Agrippina halijui. Watu wote pale kijijini wanasema kampuni ilimfanyia Gaspare unyama. Nami niliwaacha waseme hivyo siku nzima. Kampuni ilinikatalia gari, ni kweli. Basi hakuna aliyenikatalia.

Nje kwenye maegesho kulikuwa na mtu anaitwa Saro, fulana ya mistari, funguo nyingi mkononi. Hawa watu wananusa. Akanijia mwenyewe.

"Wamekukatalia kwa sababu ya kadi, sivyo? Mimi sihitaji kadi. Nahitaji leseni na uso wa mtu. Na uso unao."

"Una gari gani?"

"Gari linalotembea."

Lilikuwa jeupe, dogo, mlango mmoja wa rangi nyingine. Nikaliangalia nikawaza wazee wa baa. Halafu nikasema gari ni gari, nitaliegesha nyuma ya kanisa. Ndani kiti cha mtoto kilikuwa kimoja tu, na kina makombo ya mwaka juzi.

"Nimesema watoto wawili."

"Huyu mdogo dada mtu atampakata."

"Dada mtu ana miaka mitano, Saro!"

"Usikasirike, bosi. Dada yangu anacho kingine nyumbani. Dakika tano."

Unazijua dakika tano za Catania. Alikwenda na pikipiki, akarudi saa nane kasoro dakika ishirini na tano, kiti amekivaa kichwani kama kofia ya bibi harusi. Wakati wote huo nilikuwa nimesimama kwenye jua na watoto wawili. Cirino anapiga mayowe hapana hapana, Melina amekaa kwenye lami anahesabu chungu. Kila nilipoangalia saa nilisema moyoni, bado basi lipo. Na kila niliposema hivyo nilikasirika zaidi, na nikazidi kusimama.

"Mafuta?" nikamuuliza Saro.

"Ya kukufikisha pa kununulia yapo."

Mshale ulikuwa umelala chini kabisa kama mlevi. Mahali pa kwanza pa kununulia mafuta pamefungwa, mwenyewe amekwenda kula mpaka saa tisa na nusu. Kuna mashine ya kujihudumia. Nikaitia noti ya euro ishirini, ikaimeza, ikaandika ahsante, haikutoa hata tone. Nikaipiga teke. Melina akasema, "Baba, mama anasema tusipige vitu." Nikamwambia mama yuko mbali.

Nikasonga mbele nitafute pengine. Gari likazimika barabara ya pwani, karibu kabisa na stesheni, kwenye njia ya katikati. Halikukohoa. Lilinyamaza tu. Nyuma yangu honi zikaanza. Kijana wa pikipiki akapita akigonga kioo, "Babu, umelala?" Babu! Nina miaka arobaini na saba. Nikashuka nikalisukuma pembeni mwenyewe, mkono mmoja kwenye usukani, watoto ndani wanalia kwa pamoja.

Nilikuwa nimeinama hivyo, bega kwenye mlango, wakati basi lilipotoka stesheni. Ni lile lile la bluu, na mbele juu limeandikwa Montalveri. Lilipunguza mwendo kunipita kwa sababu nilikuwa nimeziba njia. Viti vilikuwa vitupu karibu vyote. Ningeweza kunyoosha mkono likasimama, kwetu basi linasimama popote. Dada, mkono sikuunyoosha. Sijui mpaka leo kwa nini. Labda kwa sababu ulikuwa unasukuma gari.

Likapita. Ndipo nikakaa pembezoni mwa barabara nikampigia Turi.

"Bwana mkubwa," akasema. "Umeshafika?"

"Turi, nimekwama. Hapa stesheni, chini. Gari halina mafuta, sina gari, watoto wamechoka."

Nikasikia anazima redio.

"Nilishapanda mlima saa sita, Gaspare. Ningekusubiri kama ungesema."

"Najua."

"Usiondoke hapo."

Alifika saa kumi kasoro dakika kumi. Hakunisalimu. Alimshika Melina shavu, akamchukua Cirino aliyekuwa amelala, akaliangalia lile gari jeupe kwa mzunguko mzima.

"Hili ndilo kubwa?"

Akacheka peke yake, ila si kicheko cha furaha. Tukang'oa vile viti viwili vya Saro, tukavifunga kwenye siti ya nyuma ya pikapu, katikati ya makreti ya koliflawa. "Viti tunakwenda navyo," Turi akasema. "Mpigie mwenye gari aje alichukue takataka lake." Nilipompigia Saro akaniambia hakuna shida, bosi, hutokea.

Njiani tulizungumza kidogo sana. Pikapu mlimani haiendi zaidi ya mtu anayekimbia. Kwenye kona za juu Cirino alitapika biskuti zote, tukasimama kumsafisha, na dakika zikaenda. Nikamwambia Turi naomba radhi, nilidhani ana kazi.

"Kazi ninayo kila siku," akasema. "Mjomba nilikuwa naye mmoja."

Baadaye kidogo yeye mwenyewe akaendelea, macho barabarani: "Mjerumani, mimi nilimbeba kwenye jeneza upande wako. Ule wa mbele kushoto, wa mtoto wa kiume. Walinisukuma pale kwa sababu hukuwepo. Leo nilitaka nikurudishie nafasi yako, nikulete mpaka mlango wa kanisa. Ukaniambia una gari kubwa."

Tuliingia uwanjani saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Watu walikuwa wanatoka kanisani.

Padri alisubiri robo saa nzima, mama alimwomba. Lakini alikuwa na misa nyingine saa kumi na mbili kijiji cha jirani, hakuweza zaidi. Shangazi Agrippina aliniambia padri aliposoma, "kwa ajili ya marehemu Cirino, akiombewa na watoto wake Nunziata na Gaspare," kanisa zima liligeuka kuangalia mlango. Mama peke yake hakugeuka.

Kwa hiyo jina lako lilisomwa, dada, na mtu wa kulisimamia hakuwepo. Hili ndilo nilishindwa kukuambia kwenye simu.

Nilishuka kwenye pikapu nikiwa na koti lenye madoa, mtoto ananuka matapishi na koliflawa. Wale wazee wa baa walisimama wote, wakavua kofia, maana nilikuwa mfiwa. Ila mmoja nyuma nilimsikia. "Mtoto wa Cirino kaja na mboga." Mwenzake akamwambia, "Nyamaza wewe, mtu ana msiba." Unaona, hata aibu niliyokuwa naikimbia ilinikuta, na ilikuja na mboga juu.

Mama alikuja ameshikwa mkono na jirani. Amekuwa mdogo, Nunziata. Akamchukua Cirino kutoka mikononi mwangu, vile vile na uchafu wake, akamlaza begani juu ya shali nyeusi. Akatangulia naye nyumbani.

Jikoni nikaanza kumweleza. Kampuni, kadi, yule binti wa kucha, Saro, mashine iliyokula noti. Nilieleza sana. Alikuwa anamwosha Cirino miguu kwenye karai, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Basi lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mama."

"Najua lilikuwepo. Nilikwenda kulipokea. Nilikaa pale uwanjani tangu saa tisa na nusu. Akashuka mwalimu, akashuka yule wa duka la dawa, akashuka dereva akafunga mlango."

Nikamwambia, "Lakini mama, nilikuambia nakuja na gari."

"Gari lako limekufa tangu Machi. Birgit alimwambia baba yako siku ya Pasaka, yeye alidhani tunajua."

"Baba alijua?"

"Alijua."

"Mbona Agosti hakusema?"

"Angesema nini? Alikwenda baa vile vile na koti lake. Akawaambia mwaka huu mwanangu ana kazi nyingi. Alitaka uje, Gaspare. Hata na baiskeli ungekuja."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Turi alikuwa bado anashusha makreti. Aliniona, akaendelea na kazi yake, na nikaenda kumsaidia, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono.

Asubuhi yake, Ijumaa, mama alituamsha mapema tukaenda makaburini kwa miguu, yeye mbele. Picha ya baba wamekwishaibandika, ile ya kitambulisho, amekunja uso. Melina akauliza kwa nini babu amekasirika. Mama akasema hajakasirika, jua lilikuwa machoni. Cirino aligusa jiwe kwa mkono akasema neno lake, hapana, na mama akacheka. Mara yake ya kwanza kucheka tangu Oktoba, kwa maneno ya shangazi.

Nikamwambia mama nitaongea na padri, labda anisomee misa nyingine ndogo leo hii, kabla sijaondoka, ili nisirudi na deni hili. Akatikisa kichwa.

"Misa si kiporo, kwamba unapashiwa moto. Sisi tuliokuwepo tumemaliza zetu thelathini. Tulimwosha, tukambeba, tukalala siku thelathini bila yeye. Wewe ulikuwa Ujerumani, na Ujerumani baba yako alikuwa bado amekaa baa na koti lake. Leo ndiyo umemwona hapa. Kwako wewe amekufa leo. Anza kuhesabu leo. Zikitimia thelathini, uje."

Nikasema ndiyo, mama.

Nimehesabu. Inaangukia Jumapili, tarehe kumi na saba Desemba. Msimamizi wangu nilimwambia jana niliporudi, akasema baba yangu anakufa mara ngapi. Nikamwambia mara moja kwa kila mtoto. Hakuelewa, ila amesaini. Turi nimeshamwambia saa ya ndege, na amesema atakuja na pikapu tupu, bila koliflawa, kwa heshima ya watoto. Akishindwa, nitapanda basi la saa nane, nitakaa kiti cha mbele kabisa.

Kabla hatujaondoka makaburini nilimuuliza mama kuhusu wewe. Nilisema, na Nunziata je, mama? Yeye anahesabu kuanzia lini? Jina lake lilisomwa na hakuwepo mtu.

Alikuwa anafuta vumbi kwenye picha kwa ncha ya shali. Akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza:

"Nunziata zake hazijaanza. Kwake bado yu hai. Mwache akae naye mpaka goti lipone."

Basi nisalimie shemeji Bruno, umwambie ashuke kwenye paa. Nisalimie Daniele na Carmelina na yule mjukuu mpya ambaye sijamwona hata kwa picha. Birgit anakukumbatia, anasema anaomba radhi kwa maneno yake ya Pasaka, nami nimemwambia hana kosa. Turi anakusalimu, na shangazi Agrippina huyo hahitaji salamu, mmeshaongea. Mama Bikira akulinde wewe na goti lako, akuvushe salama bahari zote hizo siku utakapokuwa tayari. Ukija, usikodi chochote. Nitakusubiri Catania uwanja wa ndege tangu asubuhi, nikiwa na Turi.

Ni mimi mdogo wako niliyekuangusha na nisiyeacha kukupenda,

Gaspare